Windows au Linux? Kabla Hujahama, Soma Hapa

Wakutanishe wacheza gemu wawili, ubishi ni uleule: huyu anaapa Linux inapaa, yule anasema Windows ndiyo baba lao. Wote wana hoja, ila kila mmoja anazungumzia gemu lake.

1. Anza na gemu, siyo mfumo. Orodhesha magemu unayocheza kweli, siyo yale unayopanga kucheza ukipata likizo. Kama kuna Fortnite, Valorant au EA Sports FC, ubishi umeisha: baki Windows. Kasi haihusiki hapo. Programu zao za kuzuia wadanganyifu hazimruhusu mtu wa Linux aingie. Apex Legends lilikuwa linachezeka huko hadi Oktoba 2024, EA wenyewe wakafunga mlango. Mengine yatafute kwenye tovuti ya ProtonDB, wachezaji wanaandika humo lipi linakubali na kwa kadi gani ya picha.

2. Angalia kadi yako ni ya nani. Magemu mengi yameandikwa kwa Windows, na Proton, iliyotolewa na Valve mwaka 2018, ndiyo mkalimani wake: hupokea maagizo ya DirectX na kuyageuza kuwa ya Vulkan gemu likiwa linaendelea. Kwa kadi za AMD, mara nyingi matokeo hulingana na ya Windows, na mengine huyapita. Kwa Nvidia, magemu ya DirectX 12 bado huelekea kupoteza fremu.

3. Wastani unadanganya. Fremu 90 kwa sekunde zinapendeza kwenye jedwali, lakini zikishuka hadi 25 adui anapotokea mlangoni, umeshakufa. Tazama ile asilimia 1 ya fremu za chini kabisa. MangoHud itakuonyesha kwenye Linux, CapFrameX kwenye Windows. Chanzo kimoja cha kukwama huko ni sheda, vijiprogramu vinavyoiambia kadi jinsi ya kuchora picha: bomu la kwanza linalipuka, picha inaganda kidogo, la pili linapita laini kama hakuna kilichotokea. Kompyuta ilikuwa inaziandaa sheda palepale. Steam ya Linux hupakua nyingi zikiwa tayari, jambo jema, isipokuwa zinakula bando. Kama intaneti yako ni ya simu, zima upakuaji huo kwenye mipangilio. Na usipime raundi ya kwanza. Pima ya pili.

4. Unapopima, laptopu iwe kwenye chaji kwa Windows na kwa Linux, ubora wa picha uleule, vikuza picha vya FSR na DLSS vimezimwa. Bila hivyo hujalinganisha kitu.

5. Usiihukumu Windows 11 kabla ya kuangalia ulinzi wake wa Memory Integrity. Ulinzi huo unaweza kula fremu, na Microsoft wenyewe walieleza mwaka 2022 jinsi ya kuuzima wakati wa kucheza, kisha kuuwasha tena. Wenye laptopu za mtumba wana kesi nyingine: Windows 10 iliachwa rasmi tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za karibuni. Kwao Linux si ushabiki tena.

6. Mac? Chipu za M zina nguvu kwelikweli, ila magemu ndiyo machache. Mwaka 2019 Apple waliyakataa yote ya biti 32, na Counter-Strike 2 halikutolewa kwa Mac kabisa. Nunua kwa kazi nyingine.

7. Usifute Windows. Mimi hupenda magemu ya mchezaji mmoja, kwa hiyo moyo wangu uko Linux, lakini bado nakushauri uchomeke SSD ya pili na kuijaribu Linux humo; Bazzite imetengenezwa kwa ajili ya gemu na ina toleo lenye draiva za Nvidia tayari. Magemu yapakue upya kwenye diski hiyo hiyo ya Linux. Ukiyaendesha kutoka kwenye diski ya Windows yenye NTFS, Proton mara nyingi hugoma kuyafungua, na utaishia kuilaumu Linux bure.