Liwali amechaguliwa: na nani?

Katika habari za redio mashariki mwa Kongo, mkuu wa jimbo huitwa liwali, au gavana. Sentensi tuliyoizoea ni "Liwali mpya amechaguliwa." Kisarufi haina kosa. Lakini ni kauli ya kutendwa isiyomtaja mtenda, na mpiga kura wa Kasongo au Kabambare anaweza kudhani mtenda huyo ni yeye.

Sivyo. Kwa Katiba ya 2006, kifungu cha 198, liwali huchaguliwa na wabunge wa jimbo kwa miaka mitano, kisha Rais humthibitisha kwa amri. Mwananchi wa Kabambare humchagua mbunge wa jimbo. Mbunge huyo ndiye anayempigia liwali kura kule Kindu.

Neno lenyewe linazidisha utata. Liwali limetoka katika Kiarabu, al-wali, na pwani ya Kenya liwali alikuwa mtu wa Sultani: aliteuliwa, hakupigiwa kura. Maniema nako neno hili lina historia yake. Februari 1887, huko Zanzibar, Tippu Tip, ambaye Kasongo ilikuwa ngome yake, alikubaliana na Stanley awe wali (si ule wa sahani) wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, kwa niaba ya Mfalme Leopold II. Mshahara ulikuwa pauni 30 kwa mwezi. Hapo kitenzi ni kuteua tu, maana wenyeji hawakuulizwa.

Utaratibu wetu wa leo si wa Kongo peke yake. Nchini Marekani, gavana wa South Carolina alichaguliwa na bunge la jimbo hadi 1865, mwaka James L. Orr alipopata kiti hicho kwa kura ya moja kwa moja. "Alichaguliwa na wananchi," tungeandika, na tungekosea tena: waliopiga kura walikuwa wanaume weupe tu. Kumtaja mtenda hakutoshi ikiwa jina tunalompa ni pana kuliko yeye. Kenya ilipowachagua magavana wake 47 mwaka 2013, sentensi hiyo ilikuwa sahihi.

Kwa hiyo mwandishi wa habari aandike: "Wabunge wa jimbo wamemchagua liwali." Sentensi inabaki fupi, na msikilizaji wa Kasongo anajua amwulize nani kuhusu kura ile: mbunge aliyemtuma Kindu.