Gofu Kiawah: waende lini, waanzie wapi?

SWALI: Msomaji anayeishi Atlanta anapanga likizo ya gofu na wenzake watatu katika kisiwa cha Kiawah, South Carolina. Anauliza mwezi unaofaa na kiwanja cha kuanzia.

JIBU: Aprili. Bei hupanda, ni kweli, lakini joto bado halijakolea, na msimu wa vimbunga vya Atlantiki huanza Juni na kuendelea hadi mwisho wa Novemba.

Hoteli ya Kiawah ina viwanja vitano, na wageni wengi hukimbilia Ocean Course. Haraka ya nini? Pete Dye alikichora kwa ajili ya Ryder Cup ya 1991, na mkewe, Alice, akashauri ardhi iinuliwe ili wachezaji waione bahari. Waliiona, na upepo nao ukawaona. Mashimo 10 yako kando ya maji, na upepo ukigeuka, shimo la jana si la leo. Hapo ndipo Phil Mickelson aliposhinda PGA mwaka 2021 akiwa na miaka 50.

Waanzie Turtle Point ya Jack Nicklaus, wazoee upepo kwanza. Nafasi ya Ocean Course iwekwe mapema, kabla ya kulipia vyumba.