Somo la Jiografia: Dakawa na Mto Wami

Msafiri atokaye Morogoro kwenda Dodoma kwa motokaa huiacha milima ya Uluguru mgongoni mwake, na muda si muda huingia katika nchi tambarare yenye udongo mweusi, unatao miguuni wakati wa masika na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Hapo ndipo Dakawa, katika wilaya ya Mvomero, penye daraja la mto Wami.

Watu wengi hudhani kwamba maji ya Dakawa yatoka Uluguru, kwa kuwa milima ile yaonekana karibu. Sivyo hasa. Sehemu kubwa ya maji ya Uluguru huteremkia mto Ruvu, nayo hunywewa Dar es Salaam. Wami hulishwa zaidi na milima ya Rubeho, Ukaguru na Nguu, kisha huishia baharini karibu na Saadani. Basi mtu afyekaye msitu wa Ukaguru humdhuru mkulima wa Dakawa asiyemjua hata kwa jina.

Katika miaka ya 1980 shirika la Serikali liitwalo NAFCO lililima hapo shamba la mpunga la hekta 2,000. Kituo cha utafiti kilichokuwa jirani kiliitwa Cholima, nalo ni jina la farasi mwenye mabawa katika hadithi za Wakorea, maana Korea ya Kaskazini ilikuwa na mkono katika kazi ile. Jina geni kwa Waluguru na Wakaguru, lakini matunda yake twayala: humo ndimo ilimotoka mbegu TXD 306, ambayo wakulima huiita SARO 5, iliyotolewa mwaka 2002. Herufi D ni ya Dakawa.

Shirika lilipodhoofika, shamba liliwafikia wakulima wadogo, nao wakaungana katika ushirika wao, UWAWAKUDA. Taabu yao kubwa ni hii: mto uko chini, majaruba yako juu. Hayawi maji ya kuteremka yenyewe kama mifereji ya mlimani. Sharti yapandishwe kwa mashine za umeme mpaka mfereji mkuu.

Haya, tufanye hesabu. Maji ya kina cha sentimita 10 juu ya hekta moja ni tani 1,000. Kwa shamba zima ni tani 2,000,000, na hayo ni ya mara moja tu. Jua huyanyonya, udongo huyanywa, nayo hutakiwa tena. Kila tani huinuliwa kwa fedha. Wenye majaruba wasipolipa fungu lao kwa wakati, mashine husimama, na mpunga uchanuao haungoji.

Ng'ombe nao hutaka maji hayo hayo. Wafugaji, Waparakuyo na wengineo, huyashukia mto wakati wa kiangazi, na mara nyingi pametokea ugomvi baina yao na wakulima. Tena Wami hauna kiasi: mwezi wa Januari 1914 tusiuseme, hatukuwapo, bali Januari 2014 mafuriko yaliivunja njia kuu huko Dumila na Magole, na safari za Dodoma zikakatika.