Dawa ya Bilulu Katika Mboga



Tafuna kipande cha bukari polepole, usimeze upesi. Baada ya muda utasikia utamu. Katika mate mna kimeng'enya, ni kama mfanyakazi mdogo anayegeuza bukari kuwa sukari. Mwili una wafanyakazi wengi wa namna hii. Mmoja anatuliza mishipa ya fahamu, ili misuli ipumzike.

Dawa nyingi za kuua bilulu zinamfunga huyu mfanyakazi. Ndivyo bilulu vinavyokufa. Mtoto naye anaweza kufa vilevile.

Wataalamu wamefanya kipimo kwa njia hiyohiyo. Wanatia kimeng'enya katika karatasi ndogo, kisha maji yaliyooshea mboga. Karatasi ikigeuka bluu, kimeng'enya kinafanya kazi. Ikibaki nyeupe, kimefungwa: sumu iko. Lakini kimeng'enya cha kweli kinaharibika na joto. Mwaka 2007 wataalamu wa China walionyesha kwamba unga laini sana wa chuma, ndugu ya kutu, unaweza kufanya kazi kama kimeng'enya. Tangu hapo watu wanajaribu vimeng'enya vya bandia katika vipimo vya sumu, maana vinavumilia joto zaidi.

Wewe unayenunua nyanya na lengalenga sokoni Kabalo huna karatasi hiyo mkononi. Jicho halioni sumu. Basi fanya hivi:

1. Osha mboga kwa maji safi mara mbili au tatu, ukizisugua. Kuosha kunapunguza sumu, hakuimalizi yote.

2. Ukipuliza dawa shambani, ngoja siku zilizoandikwa kwenye chupa, ndipo uvune. Kama hujui kusoma, uliza.

3. Usitie mawese wala maji katika chupa ya dawa. Wengine wanasema: «Haiko mubaya, nilisha kuosha.» Iko mubaya! Sumu inabaki.

4. Usile samaki aliyeuawa kwa dawa, awe wa Lualaba au wa Lukuga.

Mtoto akitoka mate mengi, machozi na jasho, akitapika, au akihema kwa shida, usingoje. Mvue nguo, mwoshe kwa maji na sabuni, mlaze kwa ubavu, umlete hospitali mbio. Usimtapishe. Leta na chupa, muganga aione.

Maswali ya kujibu pamoja:
– Karatasi ikibaki nyeupe, maana yake nini?
– Nyumbani kwako, chupa ya dawa inakaa wapi? Mtoto anaifikia?