Jicho lisilouma si lazima liwe limepona

Chukua mfano wa mkazi wa Mtito Andei aliyepelekwa Nairobi kufanyiwa upasuaji wa retina iliyobanduka. Upasuaji umefaulu. Baada ya wiki nne kadi yake yasema arudi kliniki, lakini jicho haliumi, wekundu umekwisha na ameanza kuona tena. Nauli ni ghali, na siku nzima itaishia barabarani. Basi anajiambia, "Nitaenda mwezi ujao." Hivyo ndivyo baadhi ya wagonjwa wanavyolipoteza jicho lililokuwa limekwisha kuokolewa.

Retina ni utando mwembamba ulio ndani, nyuma ya jicho. Ndio unaopokea mwanga na kupeleka habari kwenye ubongo. Utando huu hauhisi maumivu. Unaweza kubanduka tena polepole, ukianzia pembeni, na mwenyewe asitambue mpaka katikati ya jicho pafikiwe. Kwa hiyo usilipime jicho lako kwa maumivu.

Kila siku ya kliniki ina jambo lake. Madaktari hutofautiana kidogo katika kupanga tarehe, lakini aghalabu utaratibu huwa hivi:

Siku ya kwanza baada ya upasuaji, daktari hupima presha ya jicho, kwa kuwa yaweza kupanda ghafla na kuudhuru mshipa wa kuonea.

Katika wiki ya kwanza hutazamwa kama vijidudu vimeingia. Usaha ndani ya jicho waweza kuliharibu kwa siku chache tu.

Kati ya wiki ya nne na ya sita hutafutwa makovu. Makovu hayo huivuta retina na kuibandua upya, na hatari hii ni kubwa zaidi katika miezi mitatu ya mwanzo. Presha hupimwa tena, maana matone yenye steroidi huipandisha kwa watu fulani.

Mwezi wa tatu na wa sita huangaliwa kama retina imeshika sawasawa. Ikiwa uliwekewa mafuta ya silikoni, wakati huu huzungumzwa habari ya kuyatoa, kwa maana hayo hayaishi yenyewe. Mtoto wa jicho pia hutokea mara nyingi baada ya upasuaji wa aina hii. Jicho la pili nalo huchunguzwa, kwa sababu laweza kuwa na udhaifu uleule.

Kwa watu wa Mtito Andei kuna jambo jingine. Wagonjwa wengi huwekewa gesi jichoni ili iisukume retina mahali pake. Gesi ya aina moja hudumu kama wiki mbili, na nyingine hufika wiki nane. Mtu apandapo mahali pa juu gesi hutanuka na presha ya jicho hupanda. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na Mtito Andei iko chini ya mita 1,000. Kwa hiyo aliyepasuliwa Nairobi akashuka nyumbani, atapanda tena arudipo kliniki. Naye aliyepasuliwa Mombasa hupanda anaporejea nyumbani. Hii si sababu ya kukosa kliniki. Ni sababu ya kumweleza daktari unakoishi kabla hujaruhusiwa kutoka, ili akwambie ni lini salama kusafiri. Kama una jamaa mjini, omba kukaa kwao mpaka ukaguzi wa wiki ya kwanza upite. Ndege usipande kabisa mpaka daktari athibitishe kwamba gesi imekwisha. Ukihitaji upasuaji mwingine wowote, hata wa jino, sema mapema kwamba una gesi jichoni, kwa kuwa kuna aina ya nusukaputi inayoitanua.

Panga safari mapema. Weka nauli ya kliniki kando pamoja na pesa za dawa. Treni ya abiria ya reli mpya, iliyoanza mwaka wa 2017, ina kituo Mtito Andei, na mabasi hupita usiku na mchana. Nenda na mtu wa kukushika mkono, kwani utatiwa dawa ya kupanua mboni na macho yatakuwa na ukungu kwa saa kadhaa. Tarehe ikikushinda kabisa, piga simu upewe nyingine iliyo karibu.

Na usingoje tarehe hata kidogo ukiona mwanga unaomweka, vidoa vyeusi vingi vya ghafla, kivuli kama pazia, au jicho likianza kuuma, kuwa jekundu au kupungua nuru. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kila asubuhi funika jicho zima, utazame kalenda ukutani kwa lile lililopasuliwa. Likipungukiwa leo kuliko jana, safari ni leo.