Useremala wa Nyumbani: Mwanafunzi na Aanze na Kiti Kibovu

Katika nyumba nyingi za mji wa Kisumu, na za vijiji vilivyo kando ya Ziwa Victoria, kiko kiti kilicholegea miguu au kigoda kilichopasuka, kimewekwa pembeni kikingoja siku ya kutengenezwa. Mara nyingi siku hiyo haifiki, na mwishowe kiti hupelekwa jikoni kikawa kuni. Hasara yake ni kubwa kuliko watu wadhanivyo. Mbao iliyokaa nyumbani miaka 20 imekwisha kukauka, na huenda ni ya mti bora kuliko ule upatikanao leo kwa bei nafuu. Tena kiti hicho kingaliweza kuwa mwalimu wa mtu apendaye kujifunza useremala.

Wako makarani, walimu, wavuvi na wakulima wengi watamanio kazi hii kwa kujifurahisha baada ya saa za kazi. Lakini wengi huanza vibaya. Hununua vyombo vingi na mbao mpya, wakataka kufanya kabati kubwa mara moja. Baada ya miezi miwili mlango wa kabati haufungi, mbao zimepinda, na vyombo vimeachwa vikapata kutu. Afadhali mwanafunzi aanze kwa kutengeneza kitu kibovu. Akikifungua huona jinsi fundi wa kwanza alivyoviunganisha viungo, na mahali gani palishindwa na kwa sababu gani.

Ufundi wa namna hii si mgeni ziwani. Zamani mitumbwi ya sese, ambayo asili yake ni Uganda, ilishonwa ubao kwa ubao kwa nyuzi za mimea. Baadaye misumari ilichukua mahali pa nyuzi. Ubao mmoja ukioza, fundi hautupi mtumbwi. Huuondoa ubao ule, akachonga mwingine kwa kipimo chake, akaziba nafasi kwa pamba. Na katika shule ya Maseno, iliyoanzishwa mwaka 1906, useremala ulikuwa miongoni mwa mafundisho ya mwanzo.

VYOMBO VICHACHE VYATOSHA

Mwanafunzi hana haja ya sanduku zima la vyombo. Vinavyomfaa kwanza ni hivi: msumeno wa meno madogo, randa moja, patasi mbili (moja ya milimita 12 na moja ya milimita 25), nyundo ya mti ya kupigia patasi, guni ya kupimia pembe, futi, na kinoo. Vyombo vilivyotumika vyaweza kufaa kama vipya, mradi chuma chake hakikuliwa sana na kutu.

Kinoo kimetajwa mwisho, lakini ndicho cha kwanza kwa umuhimu. Patasi butu ni hatari kuliko patasi kali, kwa sababu huhitaji nguvu nyingi, na nguvu nyingi ndizo zitelezeshazo chuma kikaingia mkononi. Upande wa patasi wenye mshazari hulazwa juu ya kinoo kilicholowa maji au mafuta, kwa pembe ya digrii 30 hivi, kisha husukumwa mbele na nyuma bila kubadili pembe ile. Makali yakianza kujikunja upande wa pili kama uzi mwembamba, chuma hugeuzwa, na upande ulio bapa hulazwa bapa kabisa na kusuguliwa mara chache. Patasi iliyonolewa sawasawa hukata karatasi iliyoshikwa mkononi. Randa nayo hunolewa vivyo hivyo. Ikiwa kali hutoa maranda membamba na marefu, na uso wa mbao hubaki laini.

KUIJUA MBAO

Mbao hupokea unyevu na kuutoa hata baada ya mti kukatwa miaka mingi. Ikikauka hunywea katika upana wake, lakini urefu wake haubadiliki ila kidogo mno. Kwa hiyo uso wa meza uliopigiliwa misumari pande zote hauna nafasi ya kunywea, ndipo upasukapo. Jambo hili hudhihirika zaidi katika nchi ya ziwa, ambako masika ya Machi mpaka Mei hufuatwa na miezi yenye mvua chache.

Mbao mbichi hupangwa kivulini, mahali penye upepo, na kati ya ubao na ubao hutiwa vijiti vya unene mmoja ili hewa ipite. Mtu atakaye kujua kama mbao imekauka na apime uzito wa kipande kimoja kila juma. Siku uzito utakapoacha kupungua, mbao imekwisha kulingana na hewa ya mahali pale.

Miti nayo hutofautiana. Mvule hauliwi upesi na mchwa wala hauozi upesi, na kwa hiyo umependwa tangu zamani kwa milango na mitumbwi. Lakini mara kwa mara huwa na vipande vigumu vya chokaa ndani yake, ambavyo huharibu meno ya msumeno. Na vumbi lake huwasha ngozi na kudhuru kifua cha watu wengine. Siala, mti upandwao sana katika miji ya Waluo, ni mwepisi zaidi kufanyiwa kazi. Katika Februari 2018 serikali ya Kenya ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na watu wengi waliona wakati ule jinsi mbao ilivyo mali. Kwa mazoezi, vipande vilivyosalia kwa mafundi wa viti na vitanda, kama wale wa soko la Kibuye mjini Kisumu, vyatosha kabisa.

TUNDU NA ULIMI

Kiungo cha kwanza cha kujifunza ni tundu na ulimi, ambacho huunganisha mguu wa kiti na mti wa kukingama. Kanuni yake ni kwamba unene wa ulimi uwe theluthi moja ya unene wa mbao. Mbao ya milimita 36 hupewa ulimi wa milimita 12. Tundu hutobolewa kwanza, ndipo ulimi ukakatwa kwa kulifuata tundu, kwani ni rahisi kupunguza ulimi kuliko kupunguza tundu. Msumeno upite nje ya mstari, upande wa kipande kitakachotupwa. Ulimi uingie kwa kusukumwa na mkono au kwa kugongwa kidogo. Ukihitaji kupigwa sana, utaupasua mguu. Ukiingia wenyewe, gundi haitauokoa.

KUTENGENEZA KITI KILICHOLEGEA

Kosa la kawaida ni kupiga msumari katika kiungo kilicholegea. Msumari hushika muda mfupi, kisha huupasua mguu, na fundi ajaye hupata kazi mara mbili. Njia iliyo sawa ni hii. Kila kiungo hutiwa alama ya kalamu ya risasi, ili vipande virudi mahali pake. Kisha vilivyolegea hutenganishwa polepole. Gundi ya zamani iliyopikwa kwa ngozi na mifupa hulainika kwa maji ya moto; gundi nyeupe ya siku hizi hukwanguliwa kwa patasi, kwa uangalifu, pasipo kuikata mbao yenyewe. Gundi mpya haishiki vema juu ya gundi kuukuu.

Ulimi uliopungua huongezwa unene kwa kubandikwa maranda mazito ya mbao ya namna ile ile. Baada ya kutia gundi na kuunganisha, kamba hufungwa kuzunguka miguu, na kijiti huingizwa katika kamba na kuzungushwa mpaka viungo vikaze. Kabla gundi haijashika, kiti hupimwa kutoka pembe hata pembe. Vipimo viwili vya kukingamana vikiwa sawa, kiti kimesimama sawa. Kiachwe mpaka kesho yake.

VITU VYA WAZEE

Kigoda cha babu, kilichochongwa kwa gogo moja, chataka adabu nyingine. Weusi na mng'ao wake ni kazi ya mikono, moshi na mafuta ya miaka mingi, nao ukiondolewa haurudi. Watu wengine hukisugua kwa msasa na kukipaka vanishi kikang'aa kama kipya, wakidhani wamekiheshimu. Kumbe wamefuta alama za wale waliokikalia. Kitu cha namna hii hupanguswa vumbi kwa kitambaa kikavu au chenye unyevu mdogo, na nta kidogo yatosha. Ufa usiozidi kukua waweza kuachwa. Kikionekana na matundu madogo yatoayo unga, kitengwe na vyombo vingine vya mbao, maana kina wadudu. Atakaye kuona vyombo vya kale vya watu wa magharibi mwa Kenya na aende katika Nyumba ya Makumbusho ya Kisumu, iliyofunguliwa mwaka 1980.

Msasa wenyewe una mahali pake katika kazi mpya. Jina hili lilikuwa la mti ambao majani yake makavu na makali yalitumiwa kulainisha mbao, kabla ya karatasi ya dukani kulirithi. Hupitishwa kwa kufuata nyuzi za mbao, kamwe si kwa kuzikata.

TAHADHARI

Mikono yote miwili ikae nyuma ya makali ya patasi. Pua na mdomo vifunikwe wakati wa vumbi. Na vitambaa vilivyotumika kupaka mafuta ya kitani visirundikwe pamoja, kwa sababu hupata joto vyenyewe na vyaweza kuwaka moto bila mtu kuviwasha. Vitandazwe nje vikauke, au viloweshwe maji.

Mwenye kuanza kwa njia hii hatapata kabati katika mwezi wa kwanza. Atapata kiti kimoja ambacho jamaa zake watakikalia bila hofu, na mikono iliyokwisha kujua mbao husema nini chini ya patasi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na aliyejifunza kuziba ufa, siku ya kujenga itakapofika hatakuwa mgeni wa kazi.