Somo la Historia: Kaisari Augusto na Kandake wa Kushi

Mwanafunzi wa Kibera au Kawangware afunguapo kitabu cha habari za Wayunani na Warumi wa kale, huenda akadhani kwamba asoma mambo ya Ulaya tu. Lakini majina mawili ya habari hizo yamo katika Biblia: Kaisari Augusto, atajwaye katika Injili ya Luka, na Kandake wa Kushi, atajwaye katika Matendo ya Mitume. Kandake si jina la mtu mmoja, bali ni cheo cha malkia. Na Kushi ilikuwa dola ya Waafrika kando ya mto Nile, katika nchi ambayo leo ni Sudan.

Mwaka 30 kabla ya Kristo Augusto aliitwaa Misri. Miaka michache baadaye majeshi ya Kushi yaliushambulia mji wa Aswan, yakateka watu na kuziangusha sanamu za Kaisari. Habari hii yatoka kwa Strabo, Myunani aliyekuwa rafiki wa wakuu wa Kirumi. Asema kwamba Petronius, liwali wa Misri, aliwafukuza Wakushi hata Napata na kuubomoa mji huo, ijapokuwa Kandake alikuwa tayari kurudisha sanamu na mateka.

Wakushi nao walikuwa na maandishi yao, ila lugha yao haijafahamika sawasawa hata leo. Basi vita vikasimuliwa na upande mmoja. Ndipo mwaka 1910 John Garstang, akichimba Meroe, alipokuta kichwa cha shaba cha Augusto, na macho yake bado yamo. Kilikuwa kimefukiwa chini ya ngazi za hekalu, hata kila aliyeingia alimkanyaga Kaisari. Sasa kimo katika British Museum, London. Na Strabo mwenyewe akiri kwamba wajumbe wa Kandake walimwendea Augusto kisiwani Samos, naye akawasamehe kodi. Mshindi kamili hasamehi kodi upesi hivyo.

Watu wengine husema kwamba Wanubi wa Kibera ni wazao wa Wakushi hao. Neno hilo lisikubaliwe kwa kufanana kwa majina tu, kwa kuwa wazee wao, askari wa KAR waliopewa makazi hapo mwanzoni mwa karne ya 20, walitoka katika makabila mengi ya Sudan. Jina la Kibera, lakini, ni la lugha yao kweli: kibra, yaani msitu.